Walivyomlilia Mama Yangu Segese

Segese walinijua kwa jina la Akida, fundi cherehani, mwenyeji wa Tanga. Ufundi ulikuwa wa kweli. Mama yangu alishona sare za shule maisha yake yote pale Kisauni, Mombasa, na mimi nilijua kukanyaga cherehani kabla sijajua kusoma. Mengine yote yalikuwa uongo. Wazazi wangu walinipa jina la Abdulshakur, nyumbani wakiniita Shakuri, na kazi iliyonijengea nyumba na kuninunulia magari haikuwa cherehani. Nilikuwa nauza unga. Si unga wa ugali.

Kazi hiyo sina la kuisifia. Nilianza kwa kuwauzia watu nisiowajua, mitaa ya mbali, nikijiambia kwamba mtu mzima anajichagulia mwenyewe la kufanya. Kisha ukafika mtaani kwetu. Salim, mtoto wa Bi Mwanaidi tuliyepakana naye ukuta, aliokotwa asubuhi moja nyuma ya gereji, mwili umeshapoa. Sare yake ya darasa la kwanza alishonewa na mama yangu. Siku ile walipotoka makaburini, mama aliingia chumbani kwangu akasimama mlangoni, mtandio umemwangukia mabegani.

"Shakuri, unga uliomuua Salim ni wako?"

Niliinama nikafunga kamba za viatu.

"Nakuuliza."

Nikatazama chini. Akasema, "Haya. Mimi nawe basi." Akatoka. Hakunitukana wala hakunilaani. Tangu siku hiyo hakunisemesha tena.

Haikupita muda mrefu mshirika wangu akakamatwa, na alipobanwa akanitaja. Nilipata habari kabla askari hawajafika. Nikavuka kwa njia za porini kusini ya Lunga Lunga, nikaingia Tanzania na begi moja. Tanga sikuthubutu kukaa, kwa kuwa ndugu na jamaa wa Mombasa wamejaa kule. Nikapanda basi la kwenda bara. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa maneno mengi, na njia nzima alinisimulia machimbo: Geita, Nyarugusu, Kakola, Segese. "Kule kaka," akasema, "hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Kila mtu ametoka mahali." Nikaona hiyo ndiyo nchi ninayoitafuta.

Segese nilipanga chumba kwa mwanamke anayeitwa Paskazia, lakini hakuna aliyemwita hivyo; alikuwa Mama Noela kwa kila mtu. Cherehani nilikiweka chini ya turubai karibu na karasha la mzee Mageni, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Mageni alikuwa Msukuma wa Mhunze, mrefu, mkavu, aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaja kutafuta bahati ardhini. Wachimbaji waliniletea viroba vilivyochanika vya kubebea mawe, na suruali zilizoisha magotini kwa kutambaa ndani ya duara, maana ndivyo wanavyoyaita mashimo yao. Karasha lilinguruma kutwa. Nililipenda kwa sababu moja: likinguruma, watu hawaongei sana.

Ulimi wangu ndio niliokuwa nauogopa kuliko askari. Mtu wa Mombasa akikurupushwa hasemi njoo, anasema ndoo. Hasemi njia, anasema ndia. Mchele kwake ni mtele, macho ni mato. Watu wa bara wangeniona wa pwani tu, lakini angetokea Mtanga mmoja wa kweli, angenijua kabla sijamaliza salamu. Kwa hiyo nikajifunza kusema kidogo. Nikajibu kwa kichwa, nikacheka pale wengine wanapocheka. Jioni wapangaji wenzangu wakikaa uani, Kisukuma kikiwatoka kama maji, mimi niliingia ndani nikarudisha mlango. Mwaka wa kwanza hata msikitini sikwenda, kwa sababu watu wakishasali huulizana habari za nyumbani. Iddi ya kwanza nilinunua wali maharage gengeni, nikala nimegeuzia ukuta uso.

Swali moja tu la Mama Noela lilinikuta sijajiandaa, juma la kwanza, tukiwa tunaanika nguo. "Mama yako yupo? Anaitwa nani?"

"Yupo. Anaitwa Zaina," nikasema. Sijui jina hilo lilitoka wapi. Mama yangu aliitwa Mwanamkuu.

Dada yangu Mwahija peke yake ndiye aliyekuwa na namba yangu. Alinipigia mara chache, kwa simu ya rafiki yake. Kila akipiga nilimwambia, "Mpe mama tusemezane," na kila mara alijibu, "Hataki, Shakuri. Nimejaribu." Nikawa namwomba asikate. Namwambia aiweke simu mezani aendelee na kazi zake. Nilikuwa nasikia cherehani cha mama kwa mbali, kikienda, kikisimama, kikienda tena. Kikisimama najua anapindua kitambaa. Nilisikiliza mpaka salio la mwenye simu linakwisha. Miaka yote ile ndicho nilichokipata kutoka kwake, na ninakishukuru.

Siku Mwahija aliponipigia kwa simu yake mwenyewe, nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mama hatunaye," akasema. "Alfajiri. Tutamzika adhuhuri."

Mguu wangu ulikuwa bado umekanyaga cherehani. Nikauliza swali ambalo mpaka leo natamani nisingeliuliza. "Alinitaja?"

Akasema, "Alikuwa hana nguvu ya kusema."

Nikakata simu nikaendelea kushona. Suruali ilikuwa ya Onesmo, mchimbaji kijana aliyependa utani, na alikuwa amekaa juu ya kiroba akiisubiri. Nilipompa akaingiza mguu, mguu haukupita. Nilikuwa nimeshona miguu yote miwili ikafungana chini.

"Akida, leo umenishonea gunia!" akacheka. Kisha akaniangalia usoni, kicheko kikamkatikia. "Kuna nini?"

Ningeweza kusema naumwa tumbo. Nilikuwa bingwa wa kusema mambo ya namna hiyo. Lakini nikasema, "Mama amefariki," na baada ya hapo nikashindwa kukaa juu ya kile kigoda, nikajikuta chini kwenye vumbi la mawe.

Onesmo alikimbia. Sekunde hiyo hiyo nikasikia karasha linazimwa. Sijawahi kuliona likizimwa mchana kwa jambo lolote, hata mkanda ulipokatika walikuwa na wa akiba. Mageni akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono.

"Pole, ng'wanawane," akasema. Mwanangu. "Pole sana."

Kuanzia hapo mambo yakaondoka mikononi mwangu. Kabla ya alasiri uani kwa Mama Noela palikuwa pametandikwa mikeka, kuni zimeshushwa, sufuria za maharage ziko motoni. Wachimbaji walikuja na matope yao. Mama lishe walikuja na unga na sukari. Watu niliowashonea kimya kimya kwa miaka, nisiowajua hata majina, walinipa mkono mmoja mmoja. Ustadhi wa msikiti mdogo wa pale alikuja akasoma dua. Wanawake wa jumuiya ya Mama Noela, Wakatoliki, walimwendea kwa heshima wakamuuliza kama ni vibaya wao pia kumwombea marehemu kwa namna yao. Ustadhi akasema, "Mama ni mama, ombeni." Wakakaa upande wa pili wa ua wakaimba polepole.

Na wote walimtaja Zaina. Mrehemu Zaina, Mola. Umpumzishe Zaina, Bwana. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wengi kuliko nilivyowahi kukaa nao tangu nitoke kwetu, na kila waliposema jina hilo nilijiona niko peke yangu kama mtu aliyetumbukia shimoni, anayesikia watu wakipita juu. Mwanamkuu alikuwa anateremshwa kaburini wakati ule ule, na mimi nilikuwa sijamwomba mtu hata mmoja amtaje.

Jioni Mama Noela aliniletea chai. "Tuambie habari zake," akasema. "Tunamlilia mtu tusiyemjua. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilitaka kusema maneno mawili nimalize. Lakini nilipoanza sikuweza kusimama. Nikawaeleza alivyokuwa akiweka pini mdomoni na bado anaimba. Alivyoshona sare za watoto wasio na baba bila kuwadai wazazi wao. Alivyotupikia mbaazi Ijumaa, akatuita mimi na Mwahija, ndooni, ndooni mle, chakula chapoa. Nilisema kwa Kimvita changu kitupu, mato, ndia, mtele, yote yalitoka. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza bibi mmoja aliyefunika bega kwa kanga akasema kwa Kisukuma, "Mayo," yaani mama, akafuta macho. Mama Noela akasema, "Kumbe unajua kuongea, Akida."

Asubuhi yake Mageni alikuja na shati lililopigwa pasi na begi dogo.

"Tumekubaliana," akasema. "Wenzetu Waislamu mnazika haraka, mazishi yamekupita. Lakini matanga hayajapita. Mfiwa hasafiri peke yake. Mimi nakwenda na wewe Tanga."

"Mzee, usijisumbue. Nitakwenda mwenyewe."

"Nimetumwa," akasema. "Hata wewe ungekuwa mimi ungekwenda."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamebeba kiroba cha mchele na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, kwa ajili ya wanawake wa Tanga wanaopika msibani kwa Zaina. Mama Noela akaniambia, "Uwasalimie. Waambie sisi wa Segese tumeguswa." Sikuwa na pa kukimbilia. Askari unaweza kumkimbia. Watu wale ningewakimbiaje?

Tulipata gari la mizigo hadi Kahama, jingine hadi Tinde, tukashuka njia panda kusubiri basi linalotoka Mwanza kwenda Tanga. Jua lilikuwa kali. Tulikaa kwenye kibaraza cha duka la mbolea, mchele kati yetu. Mageni alininunulia soda. Alikuwa anafurahi kidogo, kwa namna ya mtu anayejificha asionekane anafurahi msibani. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Akaniuliza kama toka nyumbani kwetu inaonekana. Akaniuliza dada yangu anaitwa nani, amsalimie kwa jina. Akaniuliza akifika amwamkie ustadhi wa kule kwa neno lipi, asije akanitia aibu.

Nikasema, "Mzee Mageni, Tanga hakuna msiba."

Akanigeukia.

"Mama yangu amezikwa Mombasa. Kenya. Mimi si mtu wa Tanga na siitwi Akida." Nikamweleza. Nilimweleza unga, nikamweleza Salim, nikamweleza kwamba natafutwa. Sikuchukua muda mrefu. Maisha yangu yalipovuliwa uongo yalikuwa mafupi. Wakati nasema, watu walikuwa wanapita na mabeseni ya vitunguu wanatupigia kelele tununue.

Mageni alikuwa na watoto wa kiume. Nilijua mmoja wao, Cornel, alikuwa amepotelea mjini Mwanza kwenye mambo hayo hayo, ingawa mwenyewe hakuwahi kulisema mbele yangu. Aliitua soda yake chini.

"Huo unga," akasema, "ulikuwa unawauzia watoto wa watu."

"Ndiyo."

"Na sisi tumemlilia nani jana?"

"Mama yangu. Huyo ni kweli."

"Zaina?"

"Hakuitwa Zaina. Aliitwa Mwanamkuu."

Akasimama. Akatembea mpaka ukingo wa barabara, akasimama kunipa mgongo muda mrefu. Nikafikiri anatafuta gari la kurudi. Nikafikiri pia anatafuta askari, na kituo kilikuwa si mbali. Sikuinuka. Kwa mara ya kwanza tangu nikimbie niliacha mtu aamue juu yangu bila mimi kutazama upenyo.

Basi lilipofika akarudi, akakiinua kiroba cha mchele akakitupa begani.

"Panda," akasema.

"Mzee, unaweza kurudi. Waambie—"

"Nikawaambie nini?" Sauti yake ilipanda hata kondakta akageuka. "Wale kina mama nikawaambie nini? Nimetumwa nikufikishe kwa mama yako. Panda gari."

Hakunisemesha tena njia nzima. Tulipita Nzega, Singida, Dodoma, tukalala ndani ya basi, tukaamka, na yeye anatazama dirishani. Basi likisimama abiria wapate kula, alininunulia chakula, akaniwekea mapajani, akaenda kula pembeni na watu wengine. Nimeishi miaka mingi peke yangu, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama kwenye kiti kile, bega langu likigusana na lake kila gari likikata kona. Tulipofika Tanga bahari ikatokea upande wake. Aliitazama kidogo tu, akafumba macho.

Mpakani Horohoro alisema na ofisa, akapewa kibali cha muda kwa kitambulisho chake. Mimi sikuwa na cha kuonyesha ila jina langu. Nikajichanganya na wachukuzi wa mizigo, tukavuka hadi upande wa Kenya, nikamwendea askari wa kwanza niliyemwona nikamwambia mimi ni Abdulshakur fulani, natafutwa. Alidhani nimelewa. Ilibidi nirudie. Walipokuja kunifunga pingu niligeuka kumtafuta Mageni. Alikuwa amesimama na kiroba chake begani na furushi la michembe mkononi, katikati ya wapigadebe wa Mombasa wanaomvuta huku na huku. Nikampigia kelele Kisauni, namba ya nyumba na jina la Mwahija. Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Nikamwambia samahani. Sijui kama hilo alilisikia.

Yaliyofuata niliyapata kwa Mwahija, siku ya kwanza aliyoruhusiwa kuniona rumande. Alisema aliona mzee mrefu amesimama mlangoni amejaa vumbi, akadhani ni mwombaji, akataka kumpa sahani. Yule mzee akasema, "Mimi naitwa Mageni, nimetoka Segese, wilaya ya Msalala. Kina mama wamenituma nije kuwapa pole kwa kifo cha mama yenu Mwanamkuu." Akalala kwetu usiku mmoja. Wanaume wakampeleka makaburini. Wakamuuliza amemjulia wapi mama. Akasema, "Mwanawe alituambia habari zake."

"Habari zangu aliwaambia nini?" nikamuuliza Mwahija.

"Hakukutaja, Shakuri. Hata sisi hatukumuuliza."

Nilihukumiwa, nikafungwa, nikatoka. Sasa nakaa chumba cha uani cha Mwahija, nashona mapazia na mashuka ya wageni. Ulimi wangu uko huru, nasema ndia na mtele nipendavyo, ila watu wa kusema nao ni wachache. Wanaume wa mtaani wananiitikia salamu wakiwa wanatembea. Bi Mwanaidi bado yuko nyumba ya pili. Akiniona natoka, hurudi ndani. Sina la kumwambia na yeye hana la kusikia. Usiku ninapokosa usingizi nafahamu kitu gani kimekosekana: karasha. Kisauni kimya chake hunielemea.

Mwaka jana nilimtafuta Mageni kwa simu. Niliogopa namba imekwisha kuwa ya mtu mwingine, lakini aliipokea mwenyewe.

"Wangaluka, mzee," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Alinijua. Aliitikia mhola, akanieleza habari kwa ufupi. Karasha wamelihamishia Kakola. Onesmo ameoa. Cornel amerudi nyumbani Mhunze, anaumwa, na yeye mzee ndiye anayemtunza. Mama Noela yupo. Alipewa ukweli wote siku ile ile Mageni aliporudi, alilia, kisha akaniwekea cherehani changu ndani mwaka mzima kabla ya kumpa fundi mwingine.

"Nataka kuja kuwaona," nikasema. "Nije niwaombe radhi. Nina hati ya kusafiria sasa."

Nilisikia akivuta pumzi. Nyuma yake jogoo aliwika, na mtu aliita ng'ombe.

"Watu waliumia, bwana," akasema. Kabla ya hapo hakuwahi kuniita bwana. "Si kwamba wanakuchukia. Lakini waliumia. Subiri kwanza."

"Mpaka lini, mzee?"

"Sijui. Subiri kwanza."

Nikasema haya. Tukaagana. Nilibaki na simu mkononi mpaka kioo kikazima, halafu nikavuta pazia la mteja nikaendelea na upindo pale nilipoishia.